Kilima Kisicho na Mti

Mwene-Ditu, tarehe 6 Juni 1993

Yaya Bilonda, dada yangu mkubwa,

Tumefika, na tumefika wote. Naanza na hilo kwa sababu najua utaifungua barua hii kwa hofu. Mama yuko, Fifi mke wangu yuko, watoto wetu Mignonne na mdogo wake wako, na mimi mdogo wako niko, nimekonda kidogo ila mdomo ni ule ule. Hata sufuria kubwa ya Mama imefika. Mfuniko wake ndio umebaki njiani, na Mama anaulilia kuliko nyumba.

Bukari ya unga wa mahindi uliyotuletea kila siku pale stesheni ya Kolwezi, wakati tunalala chini ya mashuka tukingoja treni, ndiyo iliyotufikisha. Asante, yaya. Msalimie sana shemeji Ngoy. Kama usingeolewa na mtu wa Katanga, nawe ungekuwa hapa unagombania jiko na wake wa ukoo. Nakukosa, lakini afadhali ubaki.

Sasa tuko katika kijiji cha marehemu baba, mwendo wa asubuhi nzima kutoka mjini. Kolwezi tulikozaliwa walitufukuza kwa kuwa sisi ni watu wa Kasai. Hapa Kasai wanatuita watu wa Shaba, kwa jina la mkoa uliotufukuza. Mignonne ananiuliza sisi ni wa wapi hasa, na mimi namwambia ale kwanza.

Tata mukubwa Badibanga, kaka yake baba, ametupokea vizuri. Ametupa vyumba viwili vya udongo, na juzi alinipeleka kunionyesha shamba. Yaya, alinionyesha kilima kisicho na mti hata mmoja! Nyasi tu, tena nyingine zimeungua. Unajua nimefanya kazi gani katika ofisi ya jiolojia ya kampuni ya migodi. Miaka yote ile nilikuwa natazama picha za setilaiti nikitafuta mahali ambapo miti inakataa kuota, maana penye shaba nyingi udongoni mizizi haiwezi. Hata mtoto wa Kolwezi ambaye hajaenda shule anajua kwamba kilima chenye upara hakilimwi. Nilimshukuru mzee, nikamwambia nitafikiri. Nitatafuta ardhi nyingine.

Nyumba yangu ya mtaa wa Dilala iko namna gani? Ufunguo nilikuachia wewe. Nani anafagia uwanja?

Mdogo wako anayekupenda,
Henri

*

Kolwezi, tarehe 11 Julai 1993

Henri mdogo wangu,

Barua yako imeletwa na fundi mmoja wa reli, aliyemaliza bukari yangu yote ndipo akakumbuka kwamba ana kitu mfukoni. Nilitamani kumpiga na kumbusu kwa wakati mmoja. Mungu asifiwe kwa kuwa mko wote. Mwambie Mama nitamtafutia mfuniko.

Sisi tunaendelea. Shemeji yako huamka kila asubuhi, anavaa kofia yake ya kazi, anaenda karakana, anakaa na wenzake mpaka mchana, anarudi. Mashine hazina vipuri na kampuni haigawi unga tena. Sijui wanazungumza nini huko mchana kutwa. Nikimwambia abaki nyumbani anakasirika, kwa hiyo namwachia.

Shuleni nina darasa nusu. Siku ya kwanza nilisoma majina kama kawaida, na kila nilipofika kwenye jina la mtoto wa kwetu, kimya. Kufika katikati nikafunga daftari nikawaambia waimbe. Sokoni wanawake wananitania: "Bibi ya Ngoy, weye hauko tena mutu wa Kasai, uko wa kwetu." Nacheka nao. Nikifika nyumbani nalia, kisha napika.

Ofisi yenu imefungwa kabisa. Utacheka, au hutacheka: picha zako za setilaiti ziko soko la Dilala. Mado anayeuza mikate ya kukaanga alizipata bunda zima, anafungia wateja. Juzi nilinunua mikate imefungwa ndani ya picha ya mgodi wa Mutoshi. Nilijua ni Mutoshi kwa sababu mwandiko wa pembeni ni wako, ule wa kuku aliyekanyaga wino.

Sasa hiyo habari ya kilima sijaielewa. Umekataa shamba kwa sababu halina mti? Na mzee alisemaje? Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, sijui mambo ya setilaiti, lakini najua mvua za huko zinatangulia za kwetu. Mkichelewa kupanda mtakula nini mwaka kesho? Andika upesi uniambie umechukua shamba gani.

Yaya wako,
Bilonda

*

Mwene-Ditu, tarehe 8 Agosti 1993

Yaya,

Tunakusalimu sote. Mignonne alikuwa na homa, imepita. Mama amepata rafiki, mjane mwenzake aliyewahi kuishi Likasi huko Katanga, na wawili hao wanasengenya kwa Kiswahili mbele ya wenyeji bila aibu. Barua yako ilikuwa na habari zote isipokuwa ile niliyouliza. Ulisahau, au?

Swali lako nalijibu: sijachukua shamba lolote. Ardhi nzuri ya kando ya mito ina wenyewe wote. Fifi anaenda kulima mashamba ya watu na kulipwa mihogo, yeye ambaye alikuwa mshonaji aliyetafutwa na mabibi wa mainjinia. Akirudi jioni hasemi kitu, ananawa miguu tu. Ningependa anitukane, ningepumua.

Tata mukubwa Badibanga hajaniita tena kula pamoja naye. Nimesikia kutoka kwa Mama alivyosema: mtoto wa mdogo wangu Kanyinda amekulia kwenye umeme, ardhi yetu haimfai. Sikumdharau, yaya! Ila nitaanzaje kumweleza mzee? Nikimwambia kilima chako kina sumu, si ndiyo nimemtukana zaidi? Nikinyamaza, naonekana ninaringa. Basi nimenyamaza, na nimeonekana ninaringa.

Wewe unakumbuka vile vilima vya njia ya mgodi wa Mashamba, kabla hawajavichimba. Msitu pande zote, halafu katikati peupe, nyasi fupi na maua madogo ya bluu. Baba alitukataza hata kuchuma mboga pale. Mtu aliyelelewa hivyo utamwambiaje aweke mbegu yake ya mwisho mahali pa namna hiyo? Tuna kikombe kimoja cha mbegu za mahindi na karanga kidogo. Nikikosea, watoto watalala njaa mwaka mzima.

Nisaidie kitu kimoja. Zamani ofisi ilipokea picha za njia ya reli hadi Kasai, za kuchunguza mito na madaraja. Pembeni yake imeandikwa Mwene-Ditu kwa ule mwandiko wangu wa kuku. Nataka mbili. Ya kwanza ni ya rangi, ya wakati wa mvua. Setilaiti inaona mwanga ambao jicho letu halioni, na jani lenye afya linaurudisha juu kwa wingi, kwa hiyo kwenye karatasi tunaupaka wekundu. Jani linaloteswa na shaba hutoka limefifia. Ya pili ni ya joto, ya kiangazi, nyeusi na nyeupe. Mahali penye unyevu pako baridi, panatoka peusi. Pakavu pana joto, panatoka peupe. Nikizipata hizo mbili nitajua kilima kile ni nini.

Nilimweleza Mama mpango huu. Alinitazama akasema: "Henri, shamba haiombake ruksa kwa setilaiti." Lakini na yeye hajathubutu kupanda.

Na nyumba?

Henri

*

Kolwezi, tarehe 5 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Salamu kwa Mama, kwa Fifi na kwa watoto. Huku vumbi la Agosti lilitukohoza sote, sasa limetulia. Shemeji yako anakusalimu. Dilala iko mahali pake.

Sasa sikiliza shughuli uliyonipa. Nilienda kwa Mado na bunda la madaftari ya zamani ya wanafunzi, nikamwambia tubadilishane, karatasi kwa karatasi. Akakataa! "Mama mwalimu, hii makaratasi ya rangi njo bantu banapenda. Mikate inaonekana ya bazungu." Ilibidi niwe msaidizi wake Jumamosi nzima. Nimekaanga mikate, Henri, mimi mwalimu, wanafunzi wangu wakinipita wakicheka na kununua. Jioni aliniruhusu kupekua bunda lote. Picha yako ya rangi ilikuwa karibu na chini. Ina doa la mafuta, usinilaumu, lilikuwepo.

Ile ya joto haikuwepo. Mado akanielekeza kwa mzee Blanchard, mlinzi wa ofisi yenu, ambaye analinda ofisi isiyo na kitu kwa uaminifu wote. Nilimkuta ameibandika dirishani kuzuia vumbi la Mashamba. Nilipomwambia ni ya Henri, alishika kichwa kidogo, akauliza: "Njo ule Henri wa picha? Eko muzima?" Nikasema yuko mzima. Akaibandua mwenyewe, polepole, kona kwa kona, akaweka gunia mahali pake. Alisema nikuambie kwamba mlango wa chumba chako anaufunga kila jioni.

Mimi nimeitazama hiyo picha ya joto nikaona televisheni iliyoharibika. Wewe utaona zaidi, ndiyo maana ulisomeshwa. Lakini nisikilize vizuri: ukishaona unachotaka kuona, nenda kwa tata mukubwa. Usikae na jibu chumbani kama ulivyokaa na swali. Nimezikunja ndani ya mwavuli uliokufa, na yule fundi wa reli ameapa kwa mama yake. Nimempa bukari baada ya kuapa, si kabla.

Panda, Henri. Chochote, popote, panda.

Yaya wako

*

Kijijini, tarehe 14 Novemba 1993

Yaya Bilonda,

Watoto wanakusalimu wakiwa na matope hadi magotini. Fifi anakusalimu kwa sauti. Utaelewa mbele kwa nini nimeandika hivyo.

Mwavuli ulifika mwisho wa Septemba, mvua mbili zikiwa zimeshanyesha. Nilitandaza picha ya rangi juu ya mkeka, familia nzima imeinama. Nikatafuta reli, mto, kijiji, kilima. Na pale kwenye mteremko nikaona doa jeusi, kubwa, limekaa vizuri. Nikaanza kuwaeleza: hapa kuna kinamasi, hapa ardhi imejaa maji. Nilisema sana, unanijua. Fifi akainama akanusa, akasema: "Kinamasi chako kinanuka mikate." Yaya, Mama alicheka hadi akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Fifi akifanya mzaha tangu tulipotoka Kolwezi, na nilifurahi kuwa mjinga.

Basi nikatulia, nikaisoma kama nilivyofundishwa, yaani karatasi nzima, si kilima chetu tu. Na hapo nikaona aibu yangu. Picha za Kolwezi ni nyekundu kwa msitu, na mahali pa shaba ni pengo dogo ndani yake. Kazi yangu ilikuwa kulizungushia duara lile pengo. Hapa hakuna pengo. Nchi nzima ni nyasi, kilima hadi kilima, hadi ukingo wa karatasi. Msitu ni uzi mwembamba unaofuata mito. Kama kukosa mti kungekuwa shaba, Kasai yote ingekuwa mgodi mmoja na baba asingehitaji kupanda treni kwenda kutafuta kazi kwetu. Ni moto wa kila kiangazi na mchanga tu, yaya. Na nyasi za kilima chetu wakati wa mvua zimetoka nyekundu safi, zenye afya kuliko nyasi yoyote niliyowahi kuona karibu na Mutoshi. Nilikuwa nimesimama Kasai nikitazama kwa macho ya Kolwezi.

Kisha ya joto. Kilima kizima kimetoka cheupe, kina joto, kama ilivyo nyasi yoyote ya kiangazi. Lakini chini yake, upande jua linakozama, kuna mkanda mweusi. Nilinusa kwanza! Haukuwa mafuta. Lakini picha ya joto haioni kitu kidogo, doa lake moja ni kubwa kuliko uwanja wa mpira, kwa hiyo sikumwambia mtu. Nilichukua jembe nikaenda kuchimba mwenyewe. Maji yalitoka kabla shimo halijanifika kifuani. Nikakaa pembeni ya shimo nikalia, sina sababu ya kukuficha.

Halafu nilifanya ulivyoniagiza. Kwa desturi ya hapa, aliyemkosea baba mkubwa haendi peke yake wala haendi mikono mitupu. Nilienda na Mama na jogoo. Sikumwonyesha mzee picha yoyote. Nilimwambia kwamba huko nilikokulia, kilima kisicho na mti kinaua mbegu, na kwamba niliogopa, na kwamba sikusema kwa kuona haya. Mama alitafsiri, maana Kiluba changu bado kinachekesha watu.

Mzee alimpokea jogoo. Akauliza, "Kwa hiyo hukukikataa kwa kuwa ni kidogo?" Nikasema hapana. Akauliza, "Wala kwa kuwa kiko mbali na njia?" Nikasema hapana, niliogopa tu. Akamgeukia Mama akasema maneno haya, nayaandika kama Mama alivyoyatafsiri:

"Kilima hicho ni cha Kanyinda. Alikuwa ameanza kukilima alipokuja mzungu wa mgodi kuchukua vijana. Tangu siku hiyo watu wananiomba nafasi pale, hata wanangu wenyewe. Nawajibu kwamba mwenyewe yuko safarini. Mwaka huu mtoto wake amerudi, nimempeleka juu nikamwonyesha, na yeye ameniambia atafikiri."

Yaya, nilidhani wananipa masazo. Nilidhani ni mahali wanapomweka mkimbizi. Baba alifia Kolwezi bila kutuambia habari ya kilima hicho hata siku moja, na huku walimtunzia.

Tulilima siku iliyofuata. Tata mukubwa alikuja na wanawe wote na majembe, akaketi juu ya jiwe akitukosoa hadi jioni. Tumechelewa, lakini mahindi yameota, marefu kama kidole changu, na karanga zinafuata. Fifi amepanda mboga karibu na maji. Jioni anaimba.

Ni barua ya tatu nauliza habari za nyumba. Najua hukusahau. Niambie.

Mdogo wako,
Henri

*

Kolwezi, tarehe 23 Januari 1994

Henri,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Mama, mfuniko umepatikana, ni sahani ya enameli inayokaribia kuenea, fundi wa reli anauleta. Huku sasa mkoa umerudishiwa jina la Katanga, na mikate ya Mado imekuwa midogo. Watoto wangu wazima, wanasoma. Shemeji yako ameacha ile kofia. Analima nyuma ya nyumba, na jioni ananisimulia habari za mchicha kama zamani alivyosimulia habari za mitambo.

Barua yako ya kilima niliisomea jikoni, nikamwita Ngoy nikamsomea, halafu nikaenda kumsomea mzee Blanchard. Alisema: "Miye nilijua ile picha haiko ya kuzibia dirisha."

Sasa nyumba. Anaishi Dodo, mdogo wake Ngoy. Aliingia wiki ile ile mlipopanda treni. Alikuja kuniomba ufunguo, nikakataa, akavunja kufuli. Kitanda chenu anakilalia yeye, meza yako ya kuchorea ameiuza. Ngoy alienda kumtoa, wakapigana uwanjani mbele ya majirani, na watu waliokuwa wakikusalimu kila asubuhi wakamshika Ngoy, si Dodo. Tangu siku hiyo ndugu hao hawasemezani. Mume wangu amemkosa mdogo wake kwa ajili ya mdogo wangu, na hajawahi kunilaumu kwa neno moja.

Sikukuandikia kwa sababu nakujua. Ungeacha watoto na kupanda treni kuja kudai mlango wako, na vijana waliowafukuza wangekuua barabarani. Au usingekuja, ungekaa tu pale juu ya mizigo ukingoja siku ya kurudi, na mtu anayengoja kurudi hapandi kitu. Niliona heri unikasirikie mimi. Sasa mahindi yako yamekupita mabega, nadhani, kwa hiyo nakuambia. Nyumba imekwenda, Henri. Lia leo, kesho ukapalilie.

Halafu kuna neno la mwisho, na hili ulipeleke kwa tata mukubwa Badibanga vizuri, na jogoo mwingine kama inabidi. Hapa nimekuwa bibi ya Ngoy, na Ngoy ni mtu mwema. Lakini mwaka mzima nimetembea mji huu jina la baba yangu limefichwa mdomoni, na wanangu nimewafundisha kulificha. Mwambie mzee kwamba Kanyinda alizaa watoto wawili. Anipimie upande wangu juu ya kilima hicho, mbele ya watu, kwa jina langu. Sijui kama nitakuja. Labda ni wanangu watakaokuja. Nataka tu wajue kwamba kuna mahali duniani ambapo babu yao alisubiriwa.

Kwa sasa panda mihogo upande wangu, usiuache wazi.

Yaya wako,
Bilonda wa Kanyinda